Karibu Yenye Jina la Mtu

Mwezi Januari 2018, serikali ya Zambia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilifungua makazi ya Mantapala katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula. Waliohamia huko walikuwa Wakongo waliokimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, na wengi wao walivuka mpaka na Kiswahili chao. Wenyeji waliowakuta huzungumza Kibemba na lugha ndugu zake. Makazi yalipangwa ili wageni na wenyeji watumie huduma zilezile na waishi kama majirani.

Mpango kama huo huchorwa maofisini, lakini wanaoutekeleza siku hata siku ni watu wa kawaida kabisa: mwalimu wa kwaya, kocha wa timu ya mpira, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hao ndio wanaomwambia mgeni neno la kwanza anapojiunga. Siku hizi neno hilo aghalabu ni ujumbe wa simu, na aghalabu ni uleule aliotumiwa mtu wa juzi: karibu sana katika kikundi chetu, tafadhali zingatia sheria na taratibu, ahsante. Adabu imo, kosa halimo. Hata hivyo aliyeupokea hawezi kujua kama walimkusudia yeye au yeyote aliyeandikisha jina siku ile.

Ni nini basi kinachoufanya ujumbe wa ukaribisho uwe wa mtu fulani? Wengi hudhani ni kutaja jina, kuongeza maneno matamu na kupamba kwa picha ya maua. Mimi nashikilia kwamba siri haiko katika mapambo. Ujumbe huwa wa mtu pale unapoonyesha kwamba kabla ya kuandikwa kuna aliyeuliza na kusikiliza, na kwamba baada ya kutumwa kuna atakayemshika mgeni mkono. Ukikosa mawili hayo, utamu wote uliobaki ni maneno tu.

Nchi ya kupokea wageni

Bonde la Luapula na ufukwe wa Ziwa Mweru si mahali pa kujifunza ukarimu upya. Mji mkuu wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, ulipokea misafara kutoka pande zote mbili za bara. Wareno wakiongozwa na Lacerda walifika mwaka 1798, na Gamitto na wenzake wakafika mwaka 1831. Mmisionari David Livingstone alipoingia mji huo mwezi Novemba 1867, kando ya ziwa dogo la Mofwe, alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi. Kiswahili, kwa hiyo, kilisikika Mofwe muda mrefu kabla ya Mantapala.

Katika maandishi ya Wareno hao anatajwa mkuu mmoja waliyemwita Fumo Anceva, aliyekabidhiwa mambo ya wageni na wafanyabiashara. Msafara haukuachwa ubahatishe nani wa kumwendea. Ulikuwa na mtu wake. Nia ya mfalme katika kumteua mkuu huyo bila shaka ilikuwa pia kuwachunga wageni na mali zao. Lakini utaratibu wenyewe unafundisha: ukaribisho ulikuwa kazi ya mtu anayejulikana, si wajibu wa kila mtu ambao mwishowe haufanywi na yeyote.

Jambo la pili limeandikwa na mwanaanthropolojia Ian Cunnison katika kitabu chake kuhusu watu wa Luapula kilichotoka mwaka 1959. Bonde hilo lilijaa watu waliotoka sehemu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, na kila ukoo ulitunza historia yake wenyewe: ulikotoka, ulipopita, aliyeupokea na ulichopewa. Mzee anayeurithi uongozi wa ukoo husimulia matendo ya babu yake akisema “mimi”, kana kwamba yeye ndiye aliyevuka mto ule karne zilizopita. Hadithi hiyo ni mali ya ukoo, na ukoo mwingine hauwezi kuisimulia kwa niaba yake. Katika jamii ya namna hiyo, kumuuliza mtu ametoka wapi na watu wake ni nani ni kumpa heshima yake. Koo zenyewe zina watani, na mtu akifiwa mtani wake ana kazi maalumu mazikoni. Kwa hiyo mgeni anayetaja ukoo wake anaweza kugundua papo hapo kwamba kumbe ana ndugu wa utani katika kijiji ambacho hajalala hata usiku mmoja.

Tunaposema basi kwamba ujumbe wa kikundi uwe na sura ya mtu, hatuleti kitu kigeni. Kigeni ni ule ujumbe wa kunakili.

Beni na mahali pa kila mtu

Vyama vya ngoma ya beni vina somo lao pia. Beni ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika, yaani Tanzania Bara ya leo, kwa majina ya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1975 anaonyesha jinsi askari waliorudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia walivyoipeleka hadi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Katika migodi ya shaba iliitwa mbeni, na baada ya mgomo wa mwaka 1935 tume ya serikali iliuliza maswali mengi juu ya vyama hivyo, kwa kuwa wakoloni walishangaa kuona wafanyakazi wa makabila mbalimbali wamejipanga vizuri kiasi kile.

Kujipanga huko kulianzia kwenye mapokezi. Mtu aliyefika mjini peke yake alipata chama, na ndani ya chama alipata cheo: kulikuwa na kingi, majenerali, madaktari na wengineo hadi chini. Akiugua kulikuwa na wa kumtazama, akifa kulikuwa na wa kumzika. Vyeo vyenyewe viliigwa kwa wazungu, lakini kazi viliyofanya ilikuwa ya Kiafrika kabisa: kumwonyesha mtu kwamba mahali pake papo na watu wanapajua. Mwanachama mpya hakuambiwa tu “umo”. Aliambiwa “wewe ni fulani, na kazi yako ni hii”. Jumbe zetu nyingi za leo husema la kwanza na kuacha la pili.

Mtu na nambari yake

Tuingie sasa katika kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu hapo ndipo tatizo linapoonekana kwa karibu zaidi. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo umeenea vijijini kote Afrika Mashariki, Zambia na Kongo, pembeni mwa michezo ya zamani ambayo Zambia huitwa chilimba, Kongo likelemba na Tanzania upatu. Watu 15 hadi 25 hukutana mara kwa mara, wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wa mwaka mmoja hivi wanagawana. Fedha hukaa katika kasha lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kila mwanachama ana kijitabu kinachogongwa mihuri kwa kila hisa.

Na kila mwanachama ana nambari. Kikao kinapoanza katibu huita moja, mbili, tatu, na mwenye nambari husogea mbele na kijitabu chake. Utaratibu huo ni mzuri: unazuia upendeleo, unaharakisha kazi, na humsaidia asiyejua kusoma kufuata kinachoendelea. Lakini tazama maana yake kwa mtu aliyekimbia nyumbani kwake, akaandikishwa mpakani, akapewa kadi yenye nambari, akapanga foleni ya chakula kwa nambari, kisha akafika kwenye kikundi cha majirani na kuambiwa: wewe ni 17. Hesabu inahitaji nambari, naye anahitaji jina. Mahali ambapo jina linaweza kuingia bila kuvuruga hesabu ni ukaribisho.

Tulinganishe jumbe mbili. Wa kwanza tumeshauona hapo juu. Wa pili ungeweza kuwa hivi:

“Mama Fulani, jambo sana. Siku ile ulituambia unauza dagaa pale Kashikishi na kwamba siku ya soko huwezi kuwahi kikao. Tumekubaliana hisa zako zipokelewe mwishoni. Dada Fulani wa pale kisimani atakupitia Jumatano saa tisa mje pamoja. Ukiwa na swali mwulize yeye. Kijitabu chako kiko tayari, na jina limeandikwa kama ulivyotutajia.”

Hakuna sifa hata moja humo, wala maua. Kuna jambo alilosema mwenyewe, likiwa limesikiwa na kufanyiwa kazi. Kuna mtu mwenye jina na saa ya kufika. Kuna kijitabu. Mama huyo akifika Jumatano hataingia kama mwombaji wa nafasi. Ataingia kama mtu aliyekuwa akingojewa.

Yanayohitaji kuulizwa

Jina lenyewe si jambo jepesi katika ufukwe huu. Ziwa Mweru liko kati ya nchi mbili, moja iliyotawaliwa na Waingereza na nyingine na Wabelgiji, na tahajia zikafuata watawala. Jina ambalo upande wa Nchelenge huandikwa Chanda, ng'ambo ya pili huweza kuandikwa Tshanda. Katibu anayelisahihisha jina la mgeni kwa kalamu yake mwenyewe anamwambia, bila kukusudia, kwamba wao wanamjua kuliko anavyojijua. Na herufi hizo zikitofautiana na za kitambulisho, siku ya mgao au ya kufungua akaunti italeta usumbufu wa kweli. Dakika moja ya kuuliza “linaandikwaje?” inaondoa yote mawili.

Vivyo hivyo namna ya kumwita. Mwanamke mzima mwenye watoto hajazoea kuitwa na kijana kwa jina lake la utotoni. Huitwa Mama wa mtoto wake. Mzee anastahili neno la heshima mbele ya jina. Wapo wanaodhani kwamba kumwita kila mtu kwa jina la kwanza ndiko kumsogeza karibu. Kwetu huko ni kumvua nguo. Muulize mtu anapenda kuitwaje, kisha mwite hivyo.

Lugha nayo inahitaji kuulizwa. Zambia hufanya shughuli zake rasmi kwa Kiingereza, na lugha saba za nchi zimetambuliwa mashuleni, Kibemba kikiwamo, Kiswahili hakimo. Mkongo aliyesoma amesomea Kifaransa. Ujumbe wa Kiingereza unaweza kumfikia mtu asiyeelewa hata mstari mmoja, akalazimika kumwomba mtoto wa jirani amfasirie ukaribisho wake mwenyewe. Kama kikundi kina mwanachama mmoja anayejua Kiswahili, basi yeye ndiye aandike. Na kwa asiyesoma, ujumbe wa sauti unashinda maandishi: sauti ya mtu halisi akisema “mwaiseni mukwai, karibu mama” inafika palipo na moyo.

Kisha kuna maisha ya mgeni yenyewe. Kila mwaka, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi wa Mweru na Luapula hufungwa ili samaki wazaane. Miezi hiyo mitatu fedha hukauka kwa mvuvi na mchuuzi wa samaki. Mwanachama mpya anayeishi kwa samaki anahitaji kuambiwa mapema kikundi hufanyaje wakati huo: je, hisa hupungua, je, marejesho husogezwa mbele? Mkulima wa mihogo hana haja ya maelezo hayo. Yeye ana msimu wake na shida zake. Kumwambia kila mtu lile linalomhusu ndiyo hali ya juu ya kumjali, na ni kazi inayowezekana tu kwa aliyeuliza mtu anaishije.

Ushahidi wa mbali

Je, juhudi hizi zina matunda, au ni hisia tu? Majaribio ya nchi nyingine yanatoa mwanga. Mwaka 2005 mtafiti Randy Garner wa Texas alichapisha matokeo ya kupeleka dodoso kwa watu. Waliopata dodoso bila neno lolote la mkono, kiasi cha theluthi moja tu walijibu. Walioandikiwa ombi kwa mkono juu ya karatasi yenyewe, karibu nusu. Walioandikiwa kwa mkono kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu yake, kiasi cha robo tatu. Maneno hayakuwa na ajabu yoyote. Msomaji aliona tu kwamba kuna mtu aliyejisumbua kwa ajili yake.

Mwaka 2017 Jana Gallus naye alichapisha jaribio lililohusu watu zaidi ya 4,000 walioanza kujitolea kuandika katika Wikipedia ya Kijerumani. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa heshima isiyo na thamani ya fedha kwa mchango wao. Idadi ya walioendelea mwezi uliofuata ilikuwa kubwa kwa asilimia 20 kuliko ya wenzao. Hao walikuwa watu wasioonana uso kwa uso na wasiodaiana chochote. Kama kutambuliwa kidogo huwashikilia hao, basi watu wanaochota maji kisima kimoja wana sababu zaidi ya kushikana.

Lakini majaribio hayo yana upande wa pili. Kikaratasi cha mkono kilifanya kazi kwa sababu kilikuwa dalili ya jasho la mtu. Siku hizi programu za akili bandia zinaweza kutunga ukaribisho mtamu wa mistari kumi kwa kufumba na kufumbua, na kuingiza jina mahali pake. Kadiri utamu unavyokuwa rahisi ndivyo unavyopoteza uzito. Kitakachobaki na thamani ni kile ambacho mashine haikuambiwa: kwamba mama huyu hawezi kuwahi siku ya soko.

Mipaka ya ukaribu

Kuna hatari ambayo wapenda ukarimu huisahau. Si kila unalolijua kuhusu mgeni ni la kusemwa mbele ya wote. Ujumbe unaosema “karibu dada yetu aliyepoteza mume vitani” umemfunua mtu kabla hajaamua nani amwambie. Hali ya ukimbizi, ugonjwa, deni, dini, kabila, kesi, yote hayo yanaweza kumletea mtu dharau au hatari. Zambia ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2021 inayotaka taarifa za mtu zitumike kwa haki, na taarifa nyeti kama za afya zina ulinzi zaidi. Kikundi kidogo cha kijijini huenda kisifikiriwe na wanasheria, lakini msingi ni uleule: la mtu ni lake hadi alitoe mwenyewe.

Tena simu nyingi vijijini si za mtu mmoja. Ujumbe utasomwa na mume, na shemeji, au na mtoto kwa sauti kubwa uani. Kwa hiyo kiasi cha fedha kisiwemo, wala neno lolote ambalo mgeni asingependa lisomwe kwa sauti. Alilolisema hadharani linaweza kurudiwa. Alilokuambia pembeni libaki pembeni.

Hatari nyingine ni upendeleo. Mke wa diwani akikaribishwa kwa aya tatu na mbeba samaki kwa mstari mmoja, kikundi kimeshawafundisha wanachama wake nani ni nani, kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa. Ndiyo maana wengine hutetea ujumbe wa kunakili: huo, wanasema, ni sawa kwa wote. Hoja hiyo ina uzito na naiheshimu. Jibu langu ni kwamba usawa uwe katika maswali. Kila anayeingia aulizwe mambo yaleyale: tukuiteje, jina linaandikwaje, lugha gani inakufaa, unaishije, nani jirani yako hapa. Majibu yatatofautiana, na jumbe zitatofautiana kwa haki.

Wengine hulalamikia muda. Katibu ana shamba, ana watoto, ana hesabu za kasha. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii isiachiwe katibu peke yake. Kikundi cha watu 25 hakipokei wageni mia. Hupokea wachache, na hasa mwanzoni mwa mzunguko mpya. Kila mwanachama wa zamani akikabidhiwa mgeni mmoja, anayekaa jirani naye, mzigo unaisha. Sheria na viwango vya faini vibaki kwenye karatasi moja ya wote, ambayo inafaa kabisa kunakiliwa. Salamu isichanganywe na faini.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii. Ujumbe wa ukaribisho hauhitaji ufundi wa lugha wala simu ya bei kubwa. Unahitaji jambo moja la kweli ambalo mgeni mwenyewe alilisema, jambo moja analohitaji kujua kabla ya kikao cha kwanza, na jina la mtu mmoja atakayekuwa wake. Ikiwa huwezi kutaja mtu huyo, usiutume kwanza, mtafute.

Nanyi mnaoongoza vikundi, Nchelenge, Kashikishi, Pweto au kwingineko kokote: kabla ya mzunguko ujao kuanza, chagueni miongoni mwenu mtu wa kupokea wageni, mpeni maswali hayo matano, na kila baada ya kikao mwulizeni amepokea nani na amefikia wapi. Liwekeni jambo hilo kwenye ajenda kama mnavyoliweka kasha.